Nani Ataleta Mbao Kyamato

Watu wa Kyamato walikuwa na mzaha wao: kwamba siku Datius Rugaibula atakapofika mbinguni, kabla hajamwamkia Mtakatifu Petro, atainama kwanza agonge kizingiti asikie kama kimeoza. Mzaha ulimfikia mwenyewe. Akajibu, uso mkavu, kwamba mlango unaopitwa na watu wengi hivyo lazima uwe na mtu wa kuuangalia, na kama hawajaajiri mtu, yeye yupo.

Alikuwa nyapara wa kikosi cha barabara cha halmashauri. Chini yake walikuwapo watu kumi, majembe, mapanga, toroli mbili, na maili kumi na mbili za udongo mwekundu zinazoteremka kutoka vilima vya Rubya kuelekea ziwani. Katikati ya maili hizo upo mto Kyamato. Kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Masika hubeba migomba mizimamizima. Juu yake lilikaa daraja la mbao za msambya, hatua arobaini na mbili kutoka ukingo hadi ukingo. Mgonjwa wa Kyamato hafiki hospitali ya Rubya bila kulipita, na kwa njia nyingine ni mwendo wa siku nzima kuzunguka bonde.

Kila asubuhi Datius alilipita kwa nyundo, ubao kwa ubao, kichwa kimeinama upande. Ubao mzima ulimjibu kwa sauti kavu. Ubao ulioanza kuliwa ndani ulijibu kizitokizito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alitia alama ya chokaa, akaandika ombi kwa halmashauri, na kila mwezi wa nane, kabla ya vuli kuanza, mbao mpya zikaletwa. Hizo mbao zilinunuliwa kwa kodi ya kichwa, ile aliyolipa kila mwanamume mwenye nguvu zake, awe na kibanja kikubwa au migomba saba.

Sasa sikilizeni ajabu. Mtu huyu aliyekula mshahara wa kodi aliichukia kodi kuliko wote.

Alikuwa na sababu. Mwaka wa 1938, bei ya kahawa ilipoanguka, baba yake, mzee Rugaibula, hakuwa na cha kulipa. Askari wa mkama, chifu wa Wahaya, walimkuta kibanjani akipogoa migomba, wakamfunga kamba kiunoni pamoja na wenzake saba, wakawapeleka kulipa kwa mgongo. Kazi waliyopewa ilikuwa hilo daraja. Miezi mitatu walisimama kwenye maji ya kifuani wakikita nguzo. Mzee alirudi nyumbani na kikohozi, akaishi nacho miaka miwili, kikamshinda. Kabla ya kufa alimwambia mwanawe neno moja tu kuhusu mambo hayo, kwamba nguzo ya tatu kutoka upande wa nyumbani ameikita yeye, na imenyooka. Tangu hapo Datius hakuwahi kuipita nguzo hiyo bila kuigusa kwa kiganja.

Sababu ya nyundo ilikuwa nyingine, na jina lake ni Apolinary Mwijage. Mwaka wa 1947 vijana hao wawili walikuwa wakibeba magunia ya kahawa kwa ujira. Wakati huo hakuna aliyeliangalia daraja. Waliolijenga walikuwa wafungwa wa kodi, na mfungwa akishafunguliwa harudi kukagua kazi yake. Apolinary alitangulia na gunia kichwani, ubao ukakatika, naye akazama na gunia la watu. Datius alimrukia. Kumtoa alimtoa, gunia likaenda ziwani.

Mwezi ule ule wakafanya omukago. Wahaya wa zamani hawakuwa na kifungo kilichozidi hicho, hata cha ndoa. Walichuma tunda moja la kahawa lenye buni mbili, kila mmoja akajichanja karibu na kitovu, buni ikapakwa damu, huyu akameza ya yule, yule akameza ya huyu. Kisha wakaapa: nisikufiche ukweli, nisikuaibishe mbele ya watu, na nikivunja, tumbo langu livimbe. Padri alipopata habari aliwapa kitubio cha kufyeka majani ya uwanja wa kanisa wiki mbili. Walifyeka wakicheka. Tangu siku hiyo hawakuitana kwa majina tena. Ilikuwa munywani wange, ndugu yangu wa damu, basi.

Datius akaingia kikosi cha barabara, Apolinary akawa mwalimu, na katika miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kumkosa mwenzake, hadi uchaguzi ulipokuja.

Ilikuwa mwaka wa 1965. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo lilipewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, ili hata asiyesoma achague. Wagombea walizungushwa pamoja, jukwaa moja, na kanuni ikataka wahutubie kwa Kiswahili tu. Nyumba alipewa Nathanael, Mlutheri, mfanyabiashara wa Bukoba mjini, mtu mpole wa koti jeusi, aliyezungumzia shule na subira mpaka akina mama wakasinzia. Jembe alipewa Mwalimu Apolinary.

Apolinary hakumsinzisha mtu. Katika mkutano wa kwanza alipanda jukwaani akatoa mfukoni stakabadhi yake ya kodi, akaiinua juu. "Hii ni kamba ya mkoloni," akasema. "Mkoloni ameondoka, kamba ameiacha shingoni mwetu. Mnichague mimi, na kabla ya Krismasi ya pili kodi ya kichwa nimeifuta. Na matumizi ya halmashauri nitayakata nusu. Makarani wamejaa mle ofisini kama senene wa Novemba."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Datius alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo, akamkuta mkewe, Klaudia, anamenya ndizi.

"Kodi inakufa," akamwambia.

"Nimesikia, kelele zimefika mpaka huku." Klaudia aliendelea kumenya. "Na mbao za mwakani atazileta nani?"

"Halmashauri."

"Itazitoa wapi?"

"Si watapunguza matumizi."

"Watapunguza nini?"

Klaudia hakuwa amesoma zaidi ya katekisimu, ila alikuwa na ubaya mmoja, akiuliza swali hukaa kimya akisubiri. Mumewe alitoka akakaa barazani, akaanza kuikata halmashauri kichwani mwake. Aliifahamu, alikuwa akienda kule kila mwisho wa mwezi. Akamkata karani mmoja, akamkata na wa pili. Land Rover haikukatika, maana tangu Pasaka ilikuwa juu ya mawe haina magurudumu. Baada ya hapo kisu kikafika kwa dresa wa zahanati. Kikafika kwa walimu wawili. Kikafika kwa Buberwa, fundi wake wa daraja, na wenzake tisa wa kikosi, mwisho kikamsimamia yeye mwenyewe shingoni, na nusu aliyoahidi Apolinary bado haijafika.

Hapo ndipo alipoogopa, na siri ya woga wake haikuwa ile ambayo watu walidhani baadaye. Aliogopa kwamba pengine ni tumbo lake linalosema. Mtu akila kodi, ataachaje kuitetea kodi? Alijipima kwa siku tatu akigonga mbao zake. Akaona kwamba mshahara angeweza kuuacha, kibanja chake kilitosha kumlisha. Alichoshindwa kukiacha ni sauti ya ubao ule wa 1947 ukikatika.

Siku ya nne Apolinary akaja. Kanuni zilikataza mgombea kupita nyumba kwa nyumba, lakini hakuna chama kinachoweza kumzuia mtu kumtembelea munywani wake. Klaudia aliwaletea akamwani, kahawa kavu iliyochemshwa na majani, ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Walitafuna wakaulizana habari za watoto.

"Munywani wange," akasema Apolinary, "mkutano wa Jumamosi ni hapa Kyamato. Wananchi watapewa nafasi ya kuuliza. Nataka usimame usimulie habari za Tata wako, mzee Rugaibula. Ile kamba. Yale maji. Halafu uniulize kama nitaifuta kodi. Nami nitakujibu mbele ya watu wote, na hapo tutakuwa tumemaliza kazi."

Datius alitafuna polepole. "Nikuulize sasa, hapa, tukiwa wawili. Utaweza kweli?"

Apolinary alitazama nje. Chini ya omukago mtu hadanganyi. "Mbunge hana kalamu hiyo," akasema mwishoni. "Ni Serikali. Mbunge anaweza kupiga kelele. Lakini, munywani wange, nisipoahidi mimi, nani atanisikiliza? Watu hawapigi kura kwa hesabu."

"Na kukata nusu ya matumizi?"

"Hayo yataangaliwa baadaye."

"Basi usiniite Jumamosi," Datius akasema. "Ukiniita nitasema niliyo nayo, na niliyo nayo si yale unayoyataka."

Apolinary alicheka, akampiga begani. Alimjua Datius miaka yote hiyo kama mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea misumari. Alidhani ni haya.

Jumamosi uwanja wa Kyamato ulijaa. Nathanael alisema yake, watu wakaangalia mawingu. Apolinary akasema yake, wakasimama. Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali, na Apolinary mwenyewe, tabasamu usoni, akanyoosha kidole: "Yupo pale ndugu yangu Datius. Ana habari ya kuwaambia kuhusu kodi hii."

Datius alisimama na nyundo yake mkononi, kwa kuwa alikuwa ametoka darajani na hakujua pa kuiweka. Alisimulia. Kiswahili chake kilijikwaa, lakini kila mzee pale alimkumbuka Rugaibula na kamba yake, na alipofika kwenye kile kikohozi, baadhi ya wazee walishika vichwa. Apolinary naye, na hili lazima lisemwe, alikuwa na machozi ya kweli.

"Kwa hiyo kodi naichukia," Datius akasema. "Lakini njooni."

Akaanza kutembea. Daraja lilikuwa hatua mia tu kutoka pale, watu wakamfuata bila kujua wanafuata nini, mwenyekiti akiwaita warudi, mwisho na yeye akafuata. Datius akapiga magoti kwenye ubao wa kwanza, akaugonga.

"Huu ni kodi yako, Ta Ayubu," akamwambia mzee mmoja. Akagonga wa pili. "Huu ni yako, Karugendo. Ulilia sana siku ile ukiilipa, nilikuona. Huu ni wa Buberwa. Huu ni wa kwangu." Akagonga mpaka nguzo ya tatu. "Baba yangu alilijenga daraja hili kwa kamba. Kazi ikaisha, likaachwa, likaoza, na huyu munywani wangu akazama hapa hapa. Sasa nauliza. Mgombea anayefuta kodi, mimi namshangilia. Ila anieleze mwezi wa nane nani ataleta mbao. Na anayekata nusu, anioneshe nusu ipi ya daraja hili tuiache."

Alimgeukia Apolinary. Watu wote walimgeukia Apolinary. Mwalimu aliyezoea kuuliza maswali maisha yake yote alisimama akikosa jibu, na katika kundi mtu mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka. Kicheko cha Wahaya si kidogo. Kikianza hakina huruma.

Apolinary alimsogelea, akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini: "Umeimeza damu yangu, leo umeitapika." Akaondoka.

Kura zilipohesabiwa, nyumba ilikuwa imelipita jembe kwa kura chache sana. Nathanael mwenyewe ndiye aliyeshangaa kuliko wote.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa Datius, na haimfai msimuliaji kuificha. Alikuwa amemwaibisha munywani wake mbele ya watu, na kiapo kila mtu alikijua. Wazee waliliangalia tumbo lake waziwazi. Akila sana kwenye arusi, wananong'onezana. Akiugua kidogo, majirani wanakuja kumjulia hali wakiwa na hamu isiyo ya kawaida. Apolinary alihama na kujenga juu mlimani, na walipokutana njiani alipita upande wa pili akitazama migomba. Hilo ndilo lililomuuma Datius. La tumbo alilicheka, lakini usiku alilala akiikumbuka sauti ya Apolinary akicheka uwanjani kwa padri.

Kisha, mwisho wa mwaka wa 1969, redio ikatangaza kwamba Serikali imeifuta kodi ya kichwa, nchi nzima, kuanzia mwaka mpya.

Kumbe iliwezekana! Ndivyo watu walivyomwambia Datius, wakimpigia hodi kwa zamu. Lubisi, pombe ya ndizi, ilinywewa Kyamato siku tatu. Aliyeshukuriwa ni Nathanael, ambaye hakuwahi kuahidi lolote, akabebwa juu juu na koti lake jeusi. Na aliyezomewa ni Datius, kwa kuwa alimwangusha mtu aliyesema kweli. Klaudia alitaka kuwajibu, mumewe akamshika mkono. Alichukua stakabadhi zake zote, za miaka ishirini, akaenda nyuma ya nyumba lilipo kaburi la mzee, akazichoma pale moja moja. Alifurahi, nani asingefurahi? Akamwambia baba yake kwamba ile kamba imekatwa. Halafu akarudi akachukua nyundo.

Klaudia ndiye aliyegundua mahali kodi ilipokwenda. Hakuwa mtu wa magazeti, alikuwa mtu wa duka. Mwaka mmoja sukari ikapanda, mwaka mwingine mafuta ya taa, kisha vitenge, na bei ya kahawa waliyolipwa ikawa na makato ambayo hata karani wa mzani hakuweza kuyaeleza yote. "Haikufa," akamwambia Datius akitua kikapu. "Imehama nyumba. Zamani ilikuwa inakuja na karani, tunaiona uso. Sasa imo ndani ya sukari, na hata mimi mwanamke nailipa."

Na mwaka wa 1972 likaja lile jingine. Halmashauri zenyewe zikavunjwa, shughuli zikahamia mkoani na wilayani, na barua ikafika Kyamato ikisema kikosi cha barabara hakihitajiki tena. Barabara zitahudumiwa kwa mitambo. Mtambo ulikuja mara moja. Ulikuwa mkubwa, wa rangi ya njano, ukalainisha barabara vizuri sana hadi mtoni, ukaliona daraja, dereva akasema mzigo wake hauruhusu, ukageuka. Hawakuuona tena.

Wale watu kumi walirudi vibanjani. Datius pia alirudi, kwa siku moja. Kesho yake asubuhi alionekana darajani na nyundo.

"Nani anakulipa?" Ayubu akamuuliza. Sasa Ayubu alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa.

"Hakuna."

"Basi kuna faida gani?"

"Nimesikia mmoja anajibu vibaya, wa kumi na tisa. Ta Ayubu, kijiji hakiwezi kutoa ubao?"

Ayubu alikuwa mtu mwema. Alisema mpango wa kijiji wa mwaka ule ni shamba la pamoja la maharage, ghala, na darasa. Daraja ni la Serikali, na mtu asiye na cheo akiligusa huenda ikawa kosa. Datius alimshukuru. Jioni alikata msambya mmoja kwenye mpaka wa kibanja chake, mti aliokuwa ameupanda baba yake, akamwita Buberwa na msumeno wake, na baada ya wiki mbili ubao wa kumi na tisa ukawa mpya. Misumari aliinyoosha ile ya zamani juu ya jiwe.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa miaka mitano. Misambya kumi na mmoja ilisimama mpakani kwake. Ikabaki tisa, ikabaki sita, ikabaki mitatu. Watu walipita juu yake na mikungu, na baiskeli, na maiti, na maharusi, wakamsalimia vizuri, wengine wakampunguzia mwendo wasimrushie vumbi. Hakuna aliyeleta ubao. Hawakuwa wabaya. Daraja lilikuwa zima siku zote, na kitu kisichoharibika hakuna anayekikumbuka.

Masika ya 1977 yalikuwa mabaya. Asubuhi moja ya mwezi wa nne Datius alikuwa darajani akiutazama mto uliopanda usiku kucha, maji yakilamba mbao, aliposikia watu wanateremka mlima mbiombio na machela. Walikuwa wanne, na nyuma yao mwanamke analia, naye alikuwa Benadetha, mke wa Apolinary. Juu ya machela alikuwa Apolinary mwenyewe. Tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza, utumbo umejifunga, na uso umekuwa wa rangi ya jivu.

Wabebaji walipoona maji juu ya mbao, walisimama. Mmoja akasema waitue machela wasubiri.

"Akisubiri atakufa," Benadetha akasema.

Datius hakumtazama mgonjwa. Aliingia majini, yakafika kwenye vifundo, akagonga ubao wa kwanza kwa kisigino cha nyundo, akainama kusikiliza katika kelele yote ile ya mto. "Huu ni mzima. Kanyageni hapa ninapokanyaga mimi." Akagonga wa pili. Alizijua zote hata kwa macho yaliyofungwa, lakini siku hiyo aligonga kila mmoja, na wale wanne wakamfuata hatua kwa hatua, machela ikiyumba kidogo.

Walipofika katikati, Apolinary alifumbua macho. Alimwona nani anayewatangulia.

"Ni kiapo," akasema kwa sauti iliyokatika. "Kwa miaka kumi na miwili nilingoja tumbo lako livimbe. Limevimba langu. Mimi ndiye niliyewadanganya watu, nikataka uongo wangu uupitishe wewe kinywani mwako."

"Nyamaza, munywani wange," Datius akajibu bila kugeuka. "Ni utumbo tu. Madaktari wapo."

Neno lile, munywani wange, hakuwa amelitamka kwa mtu yeyote tangu siku ya mkutano. Benadetha aliyekuwa nyuma alisikia, akaacha kulia.

"Mbao hizi," Apolinary akasema tena, "ni kodi ya nani sasa?"

Datius aligusa nguzo ya baba yake kwa kiganja kama kawaida yake. "Ubao huo unaopitishwa juu yake ni msambya wa Tata," akasema, kisha akawaambia wabebaji: "Msimsemeshe, mtakosea hatua."

Walivuka. Apolinary alipasuliwa Rubya siku hiyo hiyo, akalala huko wiki sita, akarudi kwa miguu yake, mwembamba, akitembelea fimbo.

Mwezi wa nane, Jumamosi moja ya kiangazi, wakati watu wanatoka sokoni, walimwona Mwalimu Apolinary Mwijage anateremka kutoka mlimani akiwa na ubao mpya wa msambya begani. Daktari alikuwa amemkataza kubeba kitu kizito. Mkewe alimfuata akimsihi auache, naye hakusikia. Alipita katikati ya watu, akaja mpaka darajani Datius alipokuwa amepiga magoti, akautua ule ubao mbele yake. Watu wakasogea. Wengi wao walikuwapo siku ile ya 1965.

"Mimi niliwaahidi watu hawa kwamba nitaifuta," Apolinary akasema kwa sauti yake ya jukwaani, ile ya zamani, ingawa pumzi ilikuwa fupi. "Nimeleta kodi yangu."

Hakuna aliyecheka. Ayubu alivua kofia. Klaudia, aliyekuwa amemletea mumewe chakula, aligeuka akatazama mto, maana machozi yalikuwa yamemzidi.

Datius akafanya alivyofanya kwa kila ubao uliowahi kuletwa Kyamato. Akauinamia, akageuza kichwa upande, akaugonga kwa nyundo, mara moja mwanzo, mara moja kati, mara moja mwisho. Akagonga tena pale mwisho.

"Huku una mdudu," akasema. "Hautafika masika. Kalete mwingine."

Apolinary alimtazama. Kisha akainama taratibu, akaupandisha ubao begani, akaushika vizuri, akaanza kuupanda mlima nao. Alipofika kwenye kona, Ayubu alimfuata haraka, akamwomba ampokee mbele. Na saa tisa mchana walirudi, wawili, na mbao mbili.